Kuumia uti wa mgongo: uulize nini, na umuulize nani

Mtu akivunjika uti wa mgongo swali la nyumba nzima ni moja tu, atatembea tena? Mama anauliza, jirani anauliza, mjomba aliyepiga simu kutoka Kilifi anauliza, na ni haki yao. Shida ni kwamba hilo swali linameza mengine yote, na hayo yanayomezwa ndo yanayoamua kama huyu mtu atakuwa hai na afya yake miaka kumi ijayo. Manake kuna jambo ambalo familia nyingi huambiwa wakati wamechelewa: kutotembea hakuui. Kinachoua ni kidonda cha makalio kilichochimba mpaka mfupani, ni mkojo uliorudi ukaharibu figo, ni presha iliyopanda ghafla na hakuna aliyejua imetoka wapi. Na yote matatu yanazuilika, tena kwa vitu ambavyo havina gharama kubwa, bora tu mtu aambiwe mapema.

Huku Pwani ya Kenya watu wanaumia kwa njia tunazozijua. Mgema ameteleza kwenye mnazi, fundi ameanguka kutoka juu ya mjengo, bodaboda imegongana na tuktuk usiku, kijana amejitosa kichwa mbele baharini na maji yamekupwa, akagonga mchanga kwa utosi. Wengine hawakuanguka popote, ni TB imeingia kwenye mifupa ya mgongo ikala polepole mpaka miguu ikaisha nguvu (na TB hio ina dawa, kwa hivyo maumivu ya mgongo yasiyoisha, na homa za jioni na kukonda, usiyafumbie macho). Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha hili duniani. Kwa hivyo sio kwamba maarifa hayapo. Yapo, ila yametawanyika, huyu ana kipande hiki yule ana kipande kile, na hakuna anayekukalisha chini akakupa yote.

Kitu cha kwanza kabisa cha kuomba hospitali ni herufi na namba. Mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, alafu mifupa iliyoungana ya huko chini mpaka mkiani, na ndani yake unapita uzi mkuu wa neva unaopeleka amri za ubongo chini na kurudisha habari za mwili juu. Madaktari wanaandika C kwa shingo, T kwa kifua, L kwa kiuno na S kwa chini ya hapo. Mtu wa C4 kwenda juu kupumua kwenyewe kunaweza kuwa shida, wa C5 anakunja kiwiko, wa C6 anainua kiganja, wa C7 ananyoosha kiwiko na hapo anaweza kujisukuma mwenyewe kutoka kitandani kuingia kwenye kiti, na aliyeumia kifuani mikono yake iko sawa. Sasa ukiijua hio namba unajua utarajie nini, ununue nini, utafute nini. Usipoijua utasikiliza kisa cha mtu aliyeumia L2 akainuka akatembea kwa magongo, alafu ukamlaumu ndugu yako wa C6 ati hajitahidi.

Cha pili uliza kama jeraha ni kamili au si kamili. Wanapima kwa kugusa na kwa kuchoma kidogo na ncha ya pini mwili mzima, na wanamalizia kwenye njia ya haja kubwa, manake neva za mwisho kabisa ziko hapo na zikisikia chochote habari inabadilika. Matokeo yanaandikwa A mpaka E: A ni kwamba huko chini kabisa hakusikii wala hakuna nguvu, E ni kwamba hisia na nguvu zimerudi sawa. Lakini siku na wiki za mwanzo uzi wa neva unakuwa kwenye mshtuko, kila kitu chini ya jeraha kimelala hata ambacho hakikuharibika, kwa hivyo daktari anayesema "tungoje tupime tena" hakufichi kitu, hio ndo kweli yenyewe. Nguvu nyingi zinazorudi hurudi miezi ya mwanzo, kwa wengine huendelea polepole mpaka mwaka na zaidi.

Na hapa kuna jambo linalovunja watu moyo sana. Mshtuko ule ukiisha, miguu inaanza kuruka yenyewe, inatetemeka, inajikunja usiku. Nyumba nzima inashangilia, miguu inarudi! Kumbe mara nyingi ni neva za chini zinafanya kazi bila amri ya ubongo. Inaweza kuwa dalili njema kwa aliye na jeraha lisilo kamili lakini peke yake haithibitishi chochote. Kinachoangaliwa ni je, anaweza kuusogeza mguu akitaka mwenyewe, na kuuacha akitaka. Na kama huko kuruka kulikuwa kumetulia alafu siku moja kukazidi ghafla, angalia ngozi na mkojo, mwili unapiga kelele kwa njia hio ukiwa hauna njia nyengine.

Sasa ngozi. Hapa nitakaa, manake nimeona hospitali moja mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani na barua ya kliniki na mfuko wa panadol, na hakuna aliyemwonyesha mamake jinsi ya kumgeuza. Mtu asiyesikia makalio hapati ule usumbufu unaotufanya sisi tujisogeze kwenye kiti kila mara bila kufikiri. Mfupa unabana ngozi, damu haifiki, nyama inakufa kutoka ndani kuja nje, na unapokiona kidogo juu chini kishakuwa pango. Kitandani anageuzwa kila saa mbili mwanzoni, usiku pia. Kwenye kiti kila robo saa mpaka nusu saa aondoe uzito, na kuinama mbele kifua kikaribie magoti kwa dakika mbili hivi kunasaidia kuliko kujiinua kwa mikono mara moja haraka. Maeneo ya kuangalia kila siku asubuhi na jioni ni mkiani, mifupa ya kukalia, nyonga za pembeni, visigino na vifundo vya miguu.

Vitabu vingi vitakwambia utafute wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, usiungoje. Utaona mahali pamekoza zaidi au pamebadilika rangi ya zambarau, na ukipapasa kwa mgongo wa mkono pana joto, au pagumu, au pamelainika kama tunda lililobonyea. Ukipata hivyo hapakaliwi tena mpaka parudi sawa, bas, hata kama kesho kuna harusi. Mzee mmoja wa Kisauni ambaye yuko kwenye kiti miaka mingi alinionyesha kioo chake, kile kidogo cha kunyolea ndevu, amekifunga kwenye mti wa fagio na mpira wa baiskeli. Anajilaza ubavu, anakipitisha nyuma polepole, anajiangalia mwenyewe bila kumuita mtu. Alimfundisha kijana mgeni wa jeraha hivyo hivyo, palepale kitandani, na yule kijana ambaye alikuwa haongei na mtu akauliza, "Na ukiwa safarini, ami?" Mzee akamwambia simu ina kamera, piga picha uangalie. Maelezo ya namna hio huyapati kwa mtaalamu yeyote, unayapata kwa aliyeyaishi.

Na kukanda kwa maji moto. Najua ni desturi yetu, na anayekanda anafanya kwa mapenzi, lakini mguu usiosikia hausemi maji yamezidi, na utaona malengelenge kesho yake. Hali kadhalika chupa ya maji moto, sahani ya ugali iliyotoka jikoni ukaiweka mapajani, siti ya tuktuk iliyoachwa juani, na chale za mganga. Mtu akitaka dua aombewe, akitaka kuguswa apakwe mafuta taratibu na kunyooshwa viungo, hio ni nzuri tena inazuia viungo kukakamaa. Moto hapana.

Mkojo ndo wa pili. Kibofu kilichokosa amri kinafanya moja katika mawili, ama kinajaa kisitoke, ama kinajibana chenyewe na mlango wake haufunguki, na hapo mkojo unasukumwa juu kwenye figo. Wengi wanatoka hospitali na mpira wa mkojo (catheter) uliowekwa ndani na mfuko pembeni, na kwa siku za mwanzo ni sawa. Swali la kuuliza ni hili: anaweza kufundishwa kuingiza mpira mwenyewe na kuutoa, kila saa nne mpaka sita, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni? Kwa mwenye mikono mizuri mara nyingi hio ni salama kuliko kubaki na mpira ndani daima. Kibofu kisizidi kama nusu lita kila kikitolewa, kikizidi fupisha masaa. Wanaobaki na mfuko, mfuko uwe chini ya kibofu siku zote, usiwekwe mapajani kwenye matatu ati kuficha. Na mkojo kuwa na ukungu peke yake sio sababu ya kukimbilia antibiotiki za dukani. Homa, baridi, miguu kuruka kuliko kawaida, damu, hapo ndo unapimwa. Wakizoea kumeza dawa kila wiki ikifika siku ya shida kweli hazifanyi kazi. Omba pia figo zipigwe skani kila mwaka hata kama anajisikia vizuri.

Haja kubwa nayo ina ratiba yake, saa ileile kila siku au siku mbili, baada ya kula ambapo utumbo unaamka wenyewe. Muulizeni sista awaonyeshe, aibu iwekwe kando.

Kwa nini nasema haya kuliko kutembea? Kwa sababu historia imeshaonyesha. Kabla ya vita vya pili vya dunia aliyekatika uti wa mgongo kwa kawaida hakuishi muda mrefu, vidonda na figo vilimmaliza. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alifungua wodi ya majeraha haya Stoke Mandeville huko Uingereza, na hakuwa na dawa ya kuunga neva, hata leo haipo. Alichosimamia ni wagonjwa wageuzwe kila saa mbili usiku na mchana, vibofu vitunzwe, na watu wapewe kazi na michezo. Wakaanza kuishi. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London inafunguliwa, akawapanga kumi na sita wakashindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti, na kutokana na hapo ndo ikazaliwa Paralimpiki.

Walioumia T6 kwenda juu wana hatari moja ambayo inafaa iandikwe kwenye karatasi na kukaa mfukoni, manake hata kliniki unayokwenda wanaweza kuwa hawajawahi kuiona. Kitu chochote kikiusumbua mwili chini ya jeraha, kibofu kimejaa, mpira umejikunja, choo kimekwama, kidole kimechanwa na kucha, mwili unapandisha presha ghafla. Kichwa kinauma vibaya, uso na shingo vinajaa jasho, pua zinaziba. Na presha ya kawaida ya mtu huyu ni ya chini, 90 au 100 ya juu, kwa hivyo akipimwa 135 sista anaweza kusema uko sawa kumbe kwake ni hatari. Mkalishe wima miguu ishuke, legeza nguo na mkanda, kunjua mpira, kibofu kitolewe mkojo, tafuta chanzo. Isiposhuka haraka ni hospitali, usingoje kesho, inaweza kupasua mshipa wa kichwa. Haohao hawatoki jasho chini ya jeraha, na joto la Mombasa la Februari na Machi kwao si mzaha, kivuli, feni, kitambaa kibichi shingoni na maji.

Sasa nani anajua nini. Daktari wa mifupa au wa neva atakupa ile herufi na namba na picha, muulize hayo. Fizio anajua nguvu na kuhama kutoka kitanda kwenda kiti. Therapisti wa shughuli za kila siku, yule wanayemwita OT, ndo anajua kula, kuvaa, kupanga choo na mlango wa nyumba, na wengi hawamuulizii kabisa kwa sababu hawajui yupo. Pale hospitali ya Coast General, Mombasa, ulizia kwa jina la kazi yake. Hospitali ya rufaa ya serikali iliyo maalum kwa majeraha haya iko Nairobi, maeneo ya Hurlingham, na huko unaenda kwa barua ya rufaa, nchi nzima inaitegemea kwa hivyo barua iombwe mapema.

Wilchea usichukue ya kwanza iliyopita, hata ikiletwa na mheshimiwa na kamera zake. Kiti kipana kuliko nyonga kinampindisha mgongo, kisicho na kushini ya maana kinamtoboa makalio kwa wiki chache. Apimwe, akalishwe, afundishwe, arudi kuangaliwa. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanza 1958, wako hapa Mombasa upande wa Port Reitz na shughuli yao ni hio ya viungo na vifaa. Bombolulu pia ni yao tangu 1969, na ukienda pale unawakuta watu wenye ulemavu wako kazini. Mpeleke mgonjwa wako akaone kwa macho yake. Kwa aliye kitandani anayefikiri maisha yameisha, nusu saa na mtu aliyepita palepale inafanya kazi ambayo sisi wenye miguu hatuiwezi hata tuhubiri vipi.

Makaratasi yanachosha lakini yana pesa ndani. SHA, bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ukipiga *147# unaandikisha, na asiye na mshahara analipa kwa kipimo cha uwezo wa nyumba kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Uliza dawati lao hospitalini kama fizio na skani zimo kabla hujatoa pesa mfukoni. Alafu kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, hili watu wanaloliita NCPWD. Anapimwa kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ripoti inakwenda Baraza, kadi inatoka. Ndo inayofungua vifaa kutoka kwenye mfuko wao na msamaha wa kodi ya mapato kwa mwenye mshahara, ila msamaha unaombwa KRA, mamlaka ya kodi, kivyake, hauji wenyewe. Kwa aliye na ulemavu mkubwa anayehitaji mtu wa kumtunza muda wote kuna Inua Jamii, pesa za msaada za serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi, hazitoshi lakini zinanunua sabuni na mipira ya mkojo.

Aliyeumia kazini asikubali kuzimwa kwa fuko la unga na elfu mbili tatu za pole. Sheria ya fidia kazini ya 2007, WIBA, inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7, na madai yawekwe kabla ya miezi 12 kuisha. Ulemavu kamili wa kudumu fidia yake inahesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Miaka minane hio! Kibarua wa mjengo bila barua ya ajira naye adai, atafute waliokuwa naye siku hio, jumbe za M-Pesa za malipo, picha za saiti. Walioumia barabarani wachukue abstrakti ya polisi (karatasi ya kuonyesha ajali imeripotiwa) na P3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari) mapema, kesi ya madai ina miaka mitatu.

Mtandaoni kuna mazuri na kuna wezi. Mazuri mengi ni ya Kiingereza, bas mtafute kijana wa nyumbani asome na aeleze kwa Kiswahili. SCIRE ya Kanada inapanga utafiti kwa lugha nyepesi, MSKTC ya Marekani ina karatasi fupi fupi za ngozi, kibofu, presha na maumivu, elearnSCI ya chama cha kimataifa cha ISCoS ina masomo ya wauguzi na mafizio ambayo unaweza hata kumpelekea sista wa kliniki yenu, na Reeve Foundation wana kitabu kizima cha bure. Ukitafuta andika ile herufi na namba yako pamoja na shida yenyewe, si "kupooza" peke yake. Wezi utawajua kwa alama zao: video za watu wanaoinuka kutoka kwenye kiti, hakuna namba ya jeraha inayotajwa, na mwishoni bei. Wanaouza sindano za seli shina ng'ambo kwa mamilioni hawana ushahidi kwamba zinaponya uti wa mgongo. Utafiti halisi upo na unaendelea, na kwa kawaida mshiriki wa utafiti halisi hatozwi pesa ya matibabu anayojaribiwa. Familia imeuza shamba Kwale ikafunga safari, ikarudi na deni na kidonda cha mkiani kilichopatikana kwenye ndege.

Na mambo ya chumbani, manake hakuna atakayewaambia msipouliza. Mwanamke aliyeumia anaweza kukosa hedhi miezi kadhaa alafu ikarudi, na mimba anashika kama kawaida, kwa hivyo uzazi wa mpango uzungumzwe, na akiwa T6 kwenda juu ajifungulie mahali wanapoijua ile presha ya ghafla kwa sababu uchungu unaweza kuileta. Mwanaume nguvu zinaweza kuja bila kutaka na zikakosekana akitaka, dawa zipo, ila ziandikwe na daktari, hasa kwa ambaye presha yake iko chini au anatumia dawa za moyo. Watoto wanapatikana, wengine kwa msaada wa hospitali. Mke na mume waende kliniki pamoja, na wakiona haya kumwambia daktari mbele ya watu, waandike swali kwenye karatasi wamkabidhi.